Kutunza na Kutumia

Chombo huundwa kwa ajili ya kazi, na kazi hukila chombo. Jembe hulika kwa udongo uleule linaoulima. Kisu hupungua kwa kila kinoo. Kasia huliwa na maji yanayolisukuma. Hii ndiyo sheria ya vyombo vyote, wala hapana mwenye akili aliyeilalamikia, kwa kuwa jembe lisilopungua ni jembe lisilolima. Walakini hutokea mara kwa mara kwamba mtu akakipenda chombo kupita kazi yake. Hapo hukitoa katika kazi, akakifunika, akakifuta vumbi, akakaa kukitazama. Majirani humwuliza, "Wakitunza ili kikufae nini?" naye huwa hana jibu jepesi.

Swali hilo kwa nje ni dogo, lakini kwa ndani ni swali la maadili. Mtu ana haki gani ya kukizuilia kazi kitu kiwezacho kumfaa mwenzake? Na kazi ina haki gani ya kukimaliza kitu kisichoweza kupatikana mara ya pili?

Swali hili lafaa kuulizwa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, kwa sababu huko chombo chenyewe hakiko mbali na jicho. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012 kwa wilaya zilizotengwa kutoka mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Ni nchi ya pamba na ng'ombe. Upande mmoja hugusa Ziwa Victoria, na upande mwingine hukaribiana na nyika za Serengeti. Sehemu kubwa ya ardhi yake ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa, na wakati wa mvua hunata, ukajaa kati ya gurudumu na madigadi hata gurudumu likakataa kuzunguka. Katika nchi ya namna hii pikipiki si pambo. Huchukua mbegu na dawa ya pamba, huchukua mgonjwa usiku, huchukua mwalimu, na huchukua mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa kabla gari halijapatikana. Anayeizungumzia pikipiki huko huzungumzia miguu ya watu.

Na uwekwe mbele ya msomaji mfano usio wa mtu mmoja ajulikanaye, bali uwezao kuwa wa wengi. Pana mzee aliyekuwa bwana shamba, naye amestaafu, anakaa nje kidogo ya mji wa Bariadi. Katika banda lake, chini ya turubai, pana Honda CG125 ya mwisho wa miaka ya 1970. Tangi lake lingali na rangi nyekundu ya kiwandani. Kiti hakijashonwa upya. Namba ya injini ni ileile iliyoandikwa katika kadi. Kitabu cha maelezo kimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na spana zake. Kila Jumamosi mzee huondoa turubai, hufungua koki ya mafuta, huikanyaga kiki mara mbili, nayo pikipiki huitika. Huizungusha uwanjani mwake, huirudisha, huifuta, huifunika. Hayo ni matembezi yake yote.

Siku moja huja mtu wa mjini, mkusanyaji wa vyombo vya zamani, mwenye adabu na fedha. Husema, "Mzee wangu, pikipiki hii nitaiweka mahali ambapo haitaguswa na vumbi," kisha hutaja bei iwezayo kununua pikipiki mpya ya biashara na kubakiza. Mjukuu wa mzee yuko hapo. Yeye ni dereva wa bodaboda, lakini chombo si chake. Kila jioni humpelekea mwenyewe fedha za siku, ambazo madereva huziita hesabu, mvua inyeshe au isinyeshe, abiria wapatikane au wasipatikane. Husikia bei ile, akamgeukia mzee, akasema, "Babu, chuma hiki kinalala, na mimi silali."

Hapo pana madai matatu, na hapana hata moja lililo la kipumbavu. Mkusanyaji adai haki ya wakati uliopita. Kijana adai haki ya wakati uliopo. Mzee, ambaye hasemi neno, adai jambo ambalo yeye mwenyewe hajapata kulitia katika maneno.

Kabla ya kuamua kati yao, yafaa kukijua chombo kinachogombewa. Hamamatsu, mji ulioko kati ya Tokyo na Osaka, ulikuwa tangu zamani mji wa wafumaji wa pamba. Mwaka 1909 Michio Suzuki alifungua huko karakana ya kuunda mitambo ya kufumia nguo. Karakana hiyo ndiyo iliyokuja kuwa kampuni ya Suzuki, ambayo mwaka 1952 ilitoa baiskeli yake ya kwanza yenye injini. Yamaha, iliyoanza kwa kuunda vinanda mjini humo humo, ilizaa kampuni ya pikipiki mwaka 1955. Soichiro Honda, mwana wa mhunzi, alizaliwa mwaka 1906 karibu na mji huo. Baada ya vita alichukua injini ndogo zilizobaki jeshini, zilizokuwa za kuendeshea mitambo ya redio, akazifunga katika baiskeli ili watu wa nchi iliyobomoka wapate kufika sokoni. Mwaka 1948 aliianzisha kampuni yenye jina lake. Ajabu ya historia ni kwamba chombo kilichokuja kumchukua bwana shamba kwenda kwa wakulima wa pamba kina asili katika mji wa wafumaji wa pamba.

Kampuni hiyo ilitoa pikipiki ndogo iitwayo Super Cub mwaka 1958, na kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimeundwa milioni 100. Lakini kwa swali hili habari iliyo kubwa zaidi ni ya CG125, iliyotoka mwaka 1976. Mafundi wa Honda walikuwa wamekwenda kutazama hali ya pikipiki zao katika nchi ambazo pikipiki ni mnyama wa mizigo. Waliziona zimebebeshwa kupita kiasi. Mafuta ya injini hayakubadilishwa kwa muda mrefu. Mnyororo ulikuwa mkavu na umejaa vumbi. Injini za wakati ule zenye ekseli ya kufungulia vali juu ya kichwa chake ziliumia upesi kwa mafuta machafu. Wangaliweza kuandika maonyo makali zaidi katika kitabu cha maelezo. Badala yake waliunda injini nyingine. Ekseli ya vali waliishusha chini, wakazifungua vali kwa fimbo za kusukuma, na mnyororo wakaufunika kote ili vumbi lisiufikie.

Katika tendo hilo pana fundisho ambalo halimo katika vitabu vya ufundi. Muundaji hakumhukumu mtumiaji. Alijua kwamba mtu asiyebadilisha mafuta si lazima awe mvivu. Yamkini fedha ya mafuta imekwenda katika unga. Aliuhesabu umaskini wa watu asiowajua, akaupa nafasi ndani ya chuma. Vyombo vingi vimeundwa kwa ajili ya mtu mwangalifu. Hiki kiliundwa kwa kumhurumia mtu asiyeweza kuwa mwangalifu. Kwa hiyo pikipiki ya mzee ni fumbo kidogo: chombo kilichoundwa ili kivumilie kusahauliwa kimepata mtu asiyekisahau hata Jumamosi moja.

Muundo ule haukukaa peke yake. Viwanda vya China viliuiga, na nyingi katika pikipiki za bodaboda zilizoingia Tanzania kutoka nchi hiyo zina injini iliyofuata mpango wa CG125. Kijana anaposimama kijiweni akingoja abiria, yamkini amekaa juu ya kitukuu cha pikipiki ya babu yake. Hoja yake yapata nguvu hapa. Aweza kusema kwamba uhai wa chombo umo katika uzao wake. Kama mababu wa watu hawahifadhiwi kwa kufunikwa turubai, bali kwa wajukuu wanaokwenda na kurudi, basi CG125 imekwisha kuhifadhiwa barabarani, katika vumbi na jasho, kwa namna ambayo hapana banda liwezalo kuishinda. Kilichobaki bandani ni chuma. Na chuma kiwezacho kumtoa mtu katika deni la kila jioni hakina haki ya kulala.

Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa nyuma yake pana mtu. Hesabu ya kila siku si jambo la kuchekwa. Dereva asiyemiliki chombo huanza siku akiwa na deni, na abiria wake wa kwanza si wake. Humfanya akimbie pale panapotaka mwendo wa taratibu, na huwapakia watu wawili au watatu pale panapotaka mmoja. Wako watakaosema kwamba mzee anayeifuta pikipiki yake ilhali mjukuu wake anakimbizwa na hesabu amekipenda kitu kuliko mtu. Na kama hilo ni kweli, hapana utetezi wa historia uwezao kumwokoa.

Walakini hoja ya mkusanyaji nayo haifai kudharauliwa. Kitu cha kwanza kina sifa ambayo haiwezi kurudishwa. Rangi ya kiwandani haipakwi mara ya pili. Aipakaye upya hupata rangi nzuri zaidi, lakini hupoteza ile ya kwanza. Hii ndiyo sababu wakusanyaji wa duniani hutoa fedha nyingi kwa CB750 za kwanza kabisa, zile za mwaka 1969 ambazo ganda la injini lilimiminwa kwa njia ya gharama ndogo kwa kuwa kampuni haikuwa na hakika ya kuuza nyingi. Alama za hofu ya muuzaji zimekuwa leo alama za thamani. Anayezihifadhi huhifadhi siku ile ambayo hapana aliyejua litakalotokea. Watu wasioweka vyombo vya baba zao huja kuwajua baba zao kwa hotuba tu, na hotuba huweza kupaka rangi mpya bila mtu kutambua.

Usukuma wenyewe watoa ushahidi. Bujora, karibu na mji wa Mwanza, pana makumbusho ya Wasukuma yaliyokua kwa juhudi za Padre David Clement na watu wa mahali pale tangu miaka ya 1950. Humo zimewekwa ngoma za watemi. Utemi ulipoondolewa kwa sheria baada ya uhuru wa Tanganyika, katika mwaka 1963, ngoma zile zilipoteza cheo chake. Hapakuwa tena na mtemi wa kupigiwa. Zingaliliwa na mchwa, au zingaliuzwa kwa wageni mmoja mmoja. Kuzitia katika nyumba ya makumbusho kulikuwa kuziokoa. Mkusanyaji aweza kuuliza: kama ni vema kwa ngoma, kwa nini si vema kwa pikipiki?

Jibu lataka kupambanua. Ngoma ya mtemi iliacha kazi kwa sababu kazi yake ilikoma. Kazi ya pikipiki haikukoma; imeongezeka. Fauka ya hayo, ngoma za Bujora zilibaki kati ya watu wazijuao. Kila mwaka, katika sikukuu ya Bulabo, vyama vya Bagika na Bagalu hushindana kucheza karibu na mahali pale, na mtoto aliyeiona ngoma iliyonyamaza ndani huisikia nyingine ikilia nje. Ushahidi wa kitu hutegemea mahali pake. Shahidi aliyepelekwa mbali na watu wa kesi aweza kuwa mkweli, lakini hapana wa kumwuliza. Honda wenyewe wana jumba la kuhifadhia vyombo vyao, lililofunguliwa Motegi, Japani, mwaka 1998. Kwa hiyo aina ya pikipiki ile haiko katika hatari ya kupotea ulimwenguni. Kilicho peke yake katika pikipiki ya mzee si aina yake. Ni maisha yake. Ni njia za Itilima na Meatu ilizopita, na watu waliokuwa wakiisikia kwa mbali wakasema, "Bwana shamba anakuja." Ikiwekwa katika ukumbi wa tajiri mjini, rangi yake itabaki na habari yake itakufa.

Ndiyo sababu yafaa kuuliza mzee aliitunza kwa nini tangu mwanzo. Hakuwa mkusanyaji. Vita vya Kagera vilipokwisha mwaka 1979, nchi iliingia katika miaka ya ukata mkubwa. Fedha za kigeni zilikuwa haba, bidhaa za nje hazikuonekana madukani, na kipuri kidogo, kama plagi au mpira wa gurudumu, kiliweza kukisimamisha chombo kwa miezi. Katika hali hiyo mtu aliyepewa pikipiki ya kazi alijua kwamba hapana nyingine nyuma yake. Akiiua, vijiji vitakaa msimu mzima bila kumwona anayewafundisha kupanda kwa mistari na kuwatambua wadudu wa pamba. Kwa hiyo alichuja petroli kwa kitambaa, alisafisha plagi kwa msasa badala ya kuitupa, alishuka na kuisukuma mahali pa matope ijapokuwa angaliweza kuilazimisha. Alitunza kwa sababu alitumia, na aliweza kutumia kwa sababu alitunza. Katika miaka ile kutunza na kutumia hayakuwa mambo mawili yanayogombana. Yalikuwa tendo moja lenye mikono miwili.

Hapo ndipo asili ya ugomvi huu. Mzee alipostaafu, akaruhusiwa kuinunua pikipiki aliyoizoea, mkono mmoja uliendelea na mwingine ukaacha. Matumizi yalikoma, matunzo yakabaki peke yake kama desturi iliyofiwa na mwenziwe. Mjukuu naye amerithi mkono wa pili: yeye atumia asubuhi hata usiku, lakini hatunzi. Wala si kosa lake lote. Pikipiki aiendeshayo ina mwenyewe asiyeipanda, na aipandaye si mwenyewe. Mwenyewe huona fedha tu, dereva huona deni tu, na kati yao breki hulika bila mtu kuziona. Chombo cha namna hiyo ni yatima mwenye wazazi wawili. Mtu akiumia katika mteremko kwa breki iliyolika, kila mmoja huwa na sababu ya kumtazama mwenzake. Basi swali la pikipiki bandani si la wazee wapendao ya kale peke yao. Ni swali la abiria aliyepakiwa nyuma na mtoto mgongoni.

Chombo chenyewe, kikiulizwa, hutoa ushahidi dhidi ya pande zote mbili. Husemwa kwamba akiba haiozi. Methali hiyo ni kweli kwa nia yake, lakini injini haiijui. Petroli iliyolala ndani ya kabureta hugeuka utomvu na kuziba matundu yake madogo. Mipira izuiayo mafuta hukauka ikapasuka. Tangi hushika kutu kwa ndani. Silinda isiyopakwa mafuta na mwendo wake yenyewe huliwa na unyevu. Chombo kilichozuiliwa kazi kabisa hufa kwa utulivu, na rangi yake nzuri huwa sanda. Lakini kinachofanyishwa kazi bila kupumzishwa hufa kwa makelele. Mzee hakujifunza hekima hii katika shule; Jumamosi zake ni makubaliano aliyoyafanya na chuma. Huitumia kidogo kwa ajili ya kuitunza, kama alivyokuwa akiitunza sana kwa ajili ya kuitumia.

Wajapani wana mfano mwingine wa hekima hii. Huko Ise pana hekalu la mti ambalo kwa desturi iliyoanza zaidi ya miaka 1,300 iliyopita hujengwa upya kila baada ya miaka 20. Mara ya mwisho lilikamilika mwaka 2013. Atafutaye ubao wa kale huko hataupata. Alipataye ni la kale, kwa sababu seremala mzee hujenga pamoja na seremala kijana, na kijana huyo atakuwa mzee wa ujenzi ujao. Kilichohifadhiwa si mti. Ni ujuzi wa mkono, nao hauwezi kuhifadhiwa isipokuwa kwa kutumika. Ubao huweza kufunikwa turubai. Ujuzi ukifunikwa hufa pamoja na mwenye nao.

Wala haina haja kusafiri hata Japani ili kulipata jambo hili. Wasukuma wana desturi ya tangu kale ya mtu kumwekea ndugu au rafiki ng'ombe wake. Mwekewa huchunga, hunywa maziwa na kutumia samadi katika shamba lake. Ng'ombe na uzao wake hubaki mali ya mwenyewe, ijapokuwa mwenyewe mwema humpa mwekewa ndama kwa shukrani. Katika mpango huo mali haikufichwa wala haikutapanywa. Ng'ombe asipokamuliwa hukauka. Akichinjwa kwa tamaa ya siku moja, hapana maziwa wala ndama. Mwekewa hana ruhusa ya kumwua, na mwenyewe hana sababu ya kumnyima mwekewa maziwa. Jina la uhusiano huo ni amana. Mtu mwenye amana si mtumwa wa kitu, wala kitu si chakula chake.

Kwa kipimo cha amana, madai yale matatu yaweza kuhukumiwa. Mkusanyaji ana haki kwa kadiri anavyowahifadhia wengine, na hana haki kwa kadiri anavyojihifadhia nafsi yake. Apokeaye kitu cha kale akakifungia asikione mtu hakuhifadhi historia. Ameizika kwa gharama kubwa. Kijana ana haki ya kupata maziwa, lakini hana haki ya kuchinja. Kama pikipiki ile ingetolewa bandani na kutiwa kijiweni, ikabebeshwa watu watatu katika udongo mweusi kwa breki za miaka ya 1970, isingemaliza misimu mingi. Na huenda isingekufa peke yake. Mzee ana haki ya kupenda, kwa kuwa upendo wake ulianza katika utumishi. Lakini haki hiyo hupungua kila siku anapopita mjukuu wake bandani bila kufunguliwa turubai.

Basi auze au asiuze? Mwenye kutafuta jibu la neno moja atavunjika moyo, kwa maana haki yaweza kukaa katika majibu yote mawili. Mzee akiuza, mjukuu akapata chombo chake mwenyewe, hesabu ya jioni ikakoma, tendo hilo ni jema. Hapana pikipiki duniani iliyoundwa ili iwe bora kuliko uhuru wa mtu. Asipouza, kwa sababu chombo kile ndicho shahidi wa mwisho wa kazi iliyofanywa na kizazi chake, naye akakifanya shahidi kweli kwa kuwaonyesha vijana na kuwaeleza, tendo hilo nalo ni jema. Lakini liko kosa moja liwezalo kuingia katika majibu yote mawili. Ni kuuza bila kurithisha matunzo, au kuweka bila kurithisha matunzo. Auzaye hivyo humpa mjukuu pikipiki mpya itakayokufa baada ya miaka miwili. Awekaye hivyo humwachia mjukuu pikipiki ya kale itakayouzwa siku ya arobaini. Tofauti ya wawili hao ni ya wakati tu.

Husemwa kuwa "kitunze kikutunze." Methali hiyo hufahamika aghalabu kama biashara kati ya mtu na kitu: nikikupa mafuta, utanipa mwendo. Lakini iko maana iliyo ndani zaidi. Kitu kitunzwacho humtunza mtu kwa kumfanya awe mtunzaji. Mzee hakuipata subira yake kwanza ndipo akaitia katika pikipiki. Aliipata kwa miaka mingi ya kuchuja petroli. Kisichoweza kununuliwa na mkusanyaji, wala kugawanywa katika mirathi, ni kile chuma kilichomfanyia mtu. Kwa bahati njema ndicho kitu pekee katika banda lile kiwezacho kutolewa chote na kubaki chote.

Na iwe Jumamosi nyingine, basi. Turubai limeondolewa, na kwa mara ya kwanza spana zilizokuwa ndani ya mfuko wa nailoni ziko mkononi mwa mjukuu. Mzee amekaa juu ya kigoda. Hatazami, asikiliza. Kijana afungua kifuniko cha vali, apima nafasi kwa kibati chembamba, akaza, awasha. "Bado," asema mzee, naye hurudia. Mara ya tatu injini hunguruma kwa sauti moja, na mzee hutikisa kichwa cha kukubali. Jioni hiyo kijana, kabla ya kupeleka hesabu, ainama kando ya pikipiki isiyo yake, akazitazama breki zake, ambazo kwa miezi hapana aliyezitazama. Mkusanyaji hajajibiwa. Jibu laweza kungoja, kwa sababu jambo kubwa zaidi limekwisha kuanza kuhama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.